Ukuta wa Kulilinda Jicho

Tarehe 2 Machi

Shemeji,

"Kisima kisichompa mtu maji ya kunywa hakina sababu ya kubaki wazi." Hayo ni maneno yako. Umewaambia waandishi wa habari ukumbini, umevaa kofia ngumu ya kazini, sijui uliogopa dari. Nimeyasoma mara mbili nikiomba wawe wamekunukuu vibaya. Hawakukosea. Ni wewe kabisa: sentensi fupi, imenyooka kama rula, na haina kitu ndani.

Basi kwa hesabu yako kipimajoto kitupwe, maana hakimshibishi mgonjwa. Mbwa wa mlinzi auawe, maana hatoi maziwa. Taa ya njia panda ing'olewe, haijampikia mtu. Shemeji, kisima cha uchunguzi hakikuchimbwa kitunyweshe. Kilichimbwa kituambie kama tunachokunywa kinatuua.

Nakukumbusha, kwa kuwa huko ofisini kwenu, idara ya maji, watu husahau wakishapata kiyoyozi. Kiwanda cha ngozi kilipofungwa kilituachia uwanja wenye udongo mweusi na mabwawa ya dawa yaliyofukiwa juujuu. Mtaa mzima unakunywa maji ya kisima kirefu cha zahanati, kule chini ya mteremko. Ukingoni mwa uwanja, upande wa zahanati, mlichimba kile kisima chembamba chenye mfuniko wa chuma, na mtaa ukakipa jina: Jicho. Kila msimu vijana wa maabara huteremsha chupa kwa kamba, na majibu hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mimi ni mwalimu, nayasoma. Kila mvua zikipita, kromu, ile sumu ya dawa za ngozi, imepanda. Safu yangu gazetini imeyapigia kelele, nyinyi mkanyamaza. Leo uwanja umeuzwa kwa mjenzi wa maghorofa, na ghafla Jicho limekuwa halina kazi! Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua.

Nakuandikia barua kwa sababu mke wako, ambaye kabla hajawa mke wako alikuwa mdogo wangu, alitupiga marufuku kugombana kwa simu siku ile tulipokatiana simu mpaka akaunguza sufuria. "Mkitaka kupigana andikianeni," alisema, "kalamu inapoza." Ya kwangu haijawahi kupoza kitu.

Mama anakunywa maji hayo. Mama yetu, mkwe wako. Ukiliziba Jicho, nani atatuambia anachokunywa?

Nijibu hilo moja tu.

Shemeji yako,
Kibiriti

*

Tarehe 9 Machi

Shemeji mpendwa,

Barua yako imefika bado ya moto. Mke wangu aliidaka kwanza, akaisoma amesimama, na alipofika penye kofia akacheka mpaka akakaa. Kwa taarifa yako, dari ya ukumbi ule inadondosha plasta. Mwaka jana ilimdondokea mhasibu.

Sasa nikujibu kama mhandisi. Kisima kile kimezeeka. Bomba lake ni la chuma, na nje ya bomba palimiminwa saruji tangu juu ili maji ya uwanjani yasiteremke kandokando yake. Chuma kimekula kutu, saruji imepasuka. Kisima kikifika hali hiyo, utaratibu ni kukiziba na kukifuta kwenye orodha. Ni kazi ya kawaida, inafanyika kila mahali penye visima. Hakuna njama, hakuna bahasha, na huyo mjenzi wa maghorofa nikikutana naye njiani simjui. Niamini.

Nakuomba kwa heshima usiliandike hili gazetini kabla kazi haijaisha. Utawatia watu hofu bure.

Suala la kuwa na kisima kingine cha uchunguzi liko ngazi za juu. Lisikuumize kichwa.

Mwambie mama mkwe miwani yake imetengenezwa, nitakuja nayo. Na asikubali uivae wewe. Utaanza kuona makosa hata kwenye kalenda.

Wako,
Shemeji, Bwana Bomba

*

Tarehe 20 Machi

Bwana Bomba,

"Niamini" ni neno la mtu anayeuza gari bovu. Nilikuuliza swali moja. Umenijibu maswali matatu ambayo sikuuliza, na hilo langu umelipandisha ngazi za juu, huko ambako maswali yakifika hupewa kiti na kusahauliwa.

Eti bomba limeoza, kwa hiyo lizibwe. Jino langu likioza, daktari hunishona mdomo?

Nikupe habari za huku, uone utaratibu wako unavyoonekana ukishuka kwenye gari. Jumanne lilikuja lori limejaa kifusi: vipande vya matofali, vigae, hata sinki lililovunjika. Nyapara wao ni kijana mpole tu. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo ni ya nini?" Akasema, "Mama, sisi tumeambiwa tujaze, juu tuweke kofia ya saruji, tupige picha, tuondoke." Nikamwuliza kama na yeye atataka azikwe kwa sinki. Akacheka, masikini, lakini lori halikugeuza. Ndipo kina mama wa mtaa wakaleta viti vyao, wakakizunguka kisima, wakaanza kusukana nywele. Nani ataendesha lori juu ya watu wanaosukana? Kufika adhuhuri kijana akapiga simu, akatukanwa na bosi wake, akaondoka na sinki lake.

Lakini hatuwezi kusukana mwaka mzima. Kwa hiyo tumejenga. Fundi mwashi, jirani yetu yule anayejiita Profesa wa Tofali, ametujengea ukuta wa kukizunguka kisima, unafika magotini, kozi tatu za matofali, moja juu ya nyingine. Sasa lori likitaka kufika kwenye Jicho lazima livunje mali ya mtaa mbele ya macho yetu. Na si ukuta wa kubahatisha: umepigwa plasta nje na ndani, laini kama kikombe, Profesa anasema hata tone halipenyi. Tumeandika kwa rangi nyekundu: JICHO HALIFUMBWI.

Mama alikuja kukagua na fimbo yake. Akazunguka, akagonga, akasema, "Na hili beseni mnataka kumwogesha nani?" Watu walicheka mpaka machozi.

Mvua zimeanza. Sisi tuko imara.

Kibiriti

*

Tarehe 24 Machi

Shemeji,

Bomoeni ukuta huo leo hii. Si kesho. Nikisikia bado umesimama nitaomba amri na watakuja watu na nyundo, mpende msipende.

Niko porini kwenye visima, dereva anaisubiri karatasi hii na gari linaunguruma. Sababu nitaeleza nikirudi.

B. Bomba

*

Tarehe 28 Machi

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyundo,

Asante. Kwa wiki tatu nimetafuta namna ya kuwaonyesha watu sura halisi ya ofisi yenu, ukaniletea mwenyewe, kwa mwandiko wako, imekunjwa vizuri.

Nimeisoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa. Nilipofika "mpende msipende" mzee mmoja alisimama, akakiinua kiti chake juu. Hakuna aliyehitaji hotuba yangu baada ya hapo. Uamuzi ulipita bila kupingwa: Profesa ameongeza kozi mbili. Ukuta sasa unafika kiunoni. Leta nyundo.

Nilidhani ninakufahamu. Nilimwambia mdogo wangu siku ile ya posa, "Huyu ni mkimya, lakini ni mkimya wa mtu anayefikiri." Kumbe kuna ukimya wa kabati lililofungwa: unadhani kuna vyombo, ukifungua ni mende.

Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na kazi yetu haijapata hata ufa. Jioni maji hujaa ndani mpaka ugokoni, yanameremeta. Asubuhi tunakuta yameshanywewa na ardhi, na Jicho limebaki safi na mfuniko wake. Huo ndio ujenzi, Bwana Bomba. Njoo ujifunze.

Na nikupe jingine la kupeleka ngazi za juu. Mama ameyakataa maji ya bomba la zahanati tangu juzi. Anasema yananukia viatu vipya. Muuguzi wa zahanati naye amesema hivyo hivyo. Unaona? Uchafu wa mabwawa yenu umeshafika, na nyinyi mnashughulika kumfumba macho shahidi.

Ukija hapa, usije na miwani. Njoo na majibu.

Kibiriti

*

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Nawapenda wote wawili, na nimewachoka wote wawili.

Kosa ni langu, nilipowaambia muandikiane. Nilidhani mtu akishika kalamu hufikiri kwanza. Wewe ukishika kalamu unakuwa na manyoya ya shingo kama jogoo. Na mume wangu akishika kalamu anakuwa ilani ya ukutani: Usiegeshe Hapa. Ile karatasi aliandika amesimama kwenye matope, akampa dereva, na aliporudi akaniambia kwa raha kabisa, "Nimemwonya dada yako." Nikamwuliza, umemwonya vipi? Akaniambia. Nikashika kichwa.

Barua yako ya mwisho nimemsomea mimi. Nilipofika pale uliposema maji hujaa jioni na asubuhi hayapo, hakuniacha nimalize. Alisimama. Dada, mimi nimekaa naye miaka yote hii, sijawahi kumwona ameogopa hivyo. Anasema udongo wa uwanja ule ni mfinyanzi mtupu, haunywi beseni la maji usiku mmoja, haunywi hata wiki. Anasema maji hayo hayanywewi na ardhi. Yanaosha udongo mweusi wa kiwanda, yanaingia penye chuma kilichooza, yanateremka moja kwa moja hadi kwenye maji ya zahanati. Kabla ya ukuta yalikuwa yanachuruzika kidogokidogo kila mvua, ndiyo maana majibu yenu kwenye ubao hupanda mvua zikipita. Sasa mmeyajengea beseni.

Usiniamini mimi. Usimwamini na yeye. Nenda mwenyewe mvua ikiwa inanyesha, fungua mfuniko, weka sikio.

La pili ananikataza nisikwambie, nami nakwambia kwa sababu limemkaa kooni. Yeye alipeleka kwenye bodi ya maji michoro ya visima viwili: cha zamani kizibwe, kipya kichimbwe pembeni yake. Bodi wakakata kipya. Wakamwambia chukua kimoja au ukose vyote. Akasaini. Ndiyo maana hakukujibu lile swali lako. Alikuwa na jibu, akaona aibu nalo.

Mpe Mama maji ya chupa. Tafadhali.

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Aprili

Shemeji,

Nilikwenda.

Ilikuwa alasiri, mvua ya manyunyu. Nilimchukua Profesa ashike mwavuli, nikapanda ukuta wangu mwenyewe kama mwizi wa kuku, nikasimama ndani, maji yananifika katikati ya ugoko. Tulifungua mfuniko. Niliinama nikaweka sikio.

Nilitegemea kimya. Kisima ambacho hakuna anayekigusa, chenye kina kirefu vile, kitasema nini? Shemeji, kilikuwa kinaongea. Chini kabisa, mbali, maji yalikuwa yanaanguka juu ya maji. Si matone. Ilikuwa sauti ya mtu anayemimina ndoo na hafiki mwisho wake. Nilimwambia Profesa asikilize. Alisikiliza, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, hili ni bomba la mvua." Nilitia mguu karibu na chuma nikahisi kwenye kidole gumba namna maji yanavyovutwa.

Hatukungoja mkutano. Alileta nyundo yake, mimi nikachukua sururu. Ujue plasta ya Profesa ni plasta kweli. Ilitutoa jasho mbele ya watu, na watu walijaa. Kuna kijana wa duka la simu, msomaji wangu, hunipigia saluti kila asubuhi. Alisimama kando akasema kwa sauti ya kila mtu, "Shemeji yako kakutumia ngapi, Mwalimu?" Wengine wakacheka. Mama mmoja wa viti akanigeuzia mgongo. Miaka ishirini nimekuwa nikiwauliza watu swali hilo hilo kwenye safu yangu. Sasa najua linavyoingia mwilini. Nikamwambia, "Njoo uinamishe sikio, halafu urudie." Hakuja. Lakini yule mzee aliyesimama na kiti alikuja, akasikiliza, akaichukua sururu mikononi mwangu. Baada yake walikuja wengine. Beseni lilipasuka, maji yakakimbilia mtaroni. Jirani ametupatia turubai, tumefunika.

Muuguzi amefunga mabomba. Mtaa unakunywa maji yanayoletwa na gari.

Kwa hiyo Jicho lizibwe. Nimeandika, na nitaandika gazetini kwa herufi zile zile nilizotumia kusema lisizibwe.

Usifurahi bado.

Wewe ulijua. Mwezi wa tatu mwanzoni ulijua kwamba kile kisima kinamwaga sumu kwenye maji anayokunywa mkweo, na ukachukua karatasi nzuri ukaniandikia "kazi ya kawaida". Ukaniambia nisiwatie watu hofu. Shemeji, hofu ni mali yao! Ni yao kama maji yalivyo yao. Ungeniandikia sentensi moja tu: "Kisima hiki kinapeleka uchafu chini kila mvua inaponyesha." Ningeusimamisha mtaa siku hiyo hiyo uje kukiziba, na kina mama wangebeba saruji vichwani. Badala yake ulinipa "niamini", na mtu akipewa "niamini" hujenga ukuta. Matofali niliyatafuta mimi, hilo nalibeba. Mchanga wake umetoka ofisini kwako.

Tena yale majibu ya ubaoni. Nilidhani Jicho linaona uchafu unaokuja kutoka kwenye mabwawa. Kumbe lilikuwa linaona uchafu linaoupitisha lenyewe. Lakini uchafu upo, Bwana Bomba! Upo juu, kwenye udongo wanaotaka kuujengea maghorofa. Na kilichokwisha kuteremka kimeteremka. Kinakwenda wapi? Kinakaribia zahanati au kinapoa njiani? Utaliziba Jicho, vizuri sana, halafu utajua kwa kutazama nini? Kwa kumnusisha Mama?

Lori la kifusi lisirudi. Na kisima cha pili ulichokichora, ulichokatiwa, ulichokisainia kikatwe, nakitaka.

Kibiriti

*

Tarehe 11 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma barua yako peke yangu, kwa mara ya kwanza mke wangu ameniachia.

Sina la kubisha. Tuseme ninalo moja: nyundo. Nilimaanisha kuja nayo mimi na mafundi wangu. Sikumaanisha askari. Sijui kwa nini nikiandika naonekana mbaya kuliko nilivyo. Mwenzangu ofisini ana bahati, yeye akiandika anaonekana mwema kuliko alivyo.

Habari za kifusi sikuzijua mpaka uliponiandikia. Mkandarasi alikuwa anataka kutupa takataka kutoka juu. Ukijaza hivyo, vipande vinakwama njiani, chini panabaki mashimo, na juu unaona kofia nzuri ya saruji. Maji yangeendelea kuteremka na hakuna ambaye angesikia tena. Nimemfukuza. Bosi wangu amenuna kwa kuwa yule ni rafiki yake wa mpira. Nimeomba nije mwenyewe na mtambo wa kuchimbia wa idara, na nimepewa ili nisiongee zaidi.

Kuhusu kusaini. Walinipa kalamu mezani na wote wakanitazama. Nilijiambia bora kimoja sasa, cha pili baadaye. Ilionekana hekima. Nilipofika kwenye ngazi nikajua si hekima, lakini karatasi ilikwisha kwenda.

Unaniuliza nitajua kwa kutazama nini. Sitajua. Hakuna atakayejua.

Nafika tarehe 20. Sijui kama utanifungulia mlango.

Bomba

*

Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Mume wako mzima, anakula, na Mama amempokea kama mtoto aliyetoka hospitali. Mimi nilimfungulia mlango. Nilimwachia asimame hapo kidogo, lakini nilimfungulia.

Nataka uione kazi hii, kwa sababu yeye akikuhadithia atasema, "Tumeziba." Kwanza mtambo, mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili, ulitafuna lile bomba la kutu tangu juu hadi chini. Lilitoka vipandevipande, vingine vyembamba kama majani ya chai, unaona mwanga upande wa pili. Aliviweka kwenye meza mbele ya ofisi ya mtaa, kila mtu avishike. Kijana wa duka la simu alishika kimoja, kikavunjika kama biskuti. Alinitazama. Tangu jana saluti imerudi.

Kisha wakateremsha kibomba chembamba mpaka kwenye kitako cha shimo. Shemeji akawa anakoroga uji wa saruji kwenye pipa, ameutia ule udongo unaovimba ukilowa, anauonja kwa vidole kama mpishi. Uji unapelekwa kwanza chini kabisa, unapanda wenyewe taratibu, unasukuma maji machafu mbele yake, nao wanavuta kibomba juu kadiri unavyopanda. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akauliza, "Baba, si ungemimina tu kutoka hapa juu, mbona unajitesa?" Akamjibu, "Mama, nikimimina juu nitaziba macho ya watu, shimo litabaki." Nilimwambia sentensi hiyo angeitumia ukumbini asingehitaji kofia.

Walisukuma mpaka jioni. Maji meusi yalitoka, halafu ya kijivu, halafu uji wenyewe ukachungulia mdomoni na kumwagika, mzito, safi. Watu walipiga makofi. Asubuhi tukakuta umezama kidogo, akaongeza, kesho yake akaongeza tena, mpaka ukakataa kuzama. Sasa ni ardhi tu. Ukipita huoni kitu, na nakwambia kweli, mdogo wangu, nilisimama pale nikaona huzuni, maana tumebaki vipofu. Tumeacha kujidhuru, lakini vipofu.

Jana tuligombana. Ana kwa ana, samahani, sheria yako tumeivunja. Nilikuwa naandika barua kwa bodi, nikamsomea. Akasema ni kali. Nikasema ni fupi. Akasema watamjua aliyenipa habari. Nikasema basi nitaandika bila habari zako, nitaandika kelele tu, ndizo wanazozitegemea kwangu. Akainuka akaenda uani. Mama alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Mkimaliza, mtaniambia kama nirudi kwenye bomba au nisirudi."  

Mume wako alikaa uani mpaka taa zikawashwa. Alipoingia alivuta kiti, akaichukua kalamu yangu, akafuta mistari yangu sita, ile mizuri, akaweka miwili yake. Miwili hiyo inauma kuliko yangu yote, usimwambie nimesema. Halafu akatia jina lake.

Anaweza kufukuzwa kazi. Unajua, sivyo? Alisema alikuuliza kwa simu na wewe ukamjibu kwamba cherehani yako bado inashona.

Nakushukuru kwa kumwoa. Ndiyo, nimesema wewe ndiye uliyemwoa.

Dada yako

*

Tarehe 25 Aprili

Kwa wajumbe watano wa bodi ya maji mliopiga kura ya kukifuta kisima kipya cha uchunguzi; nakala kwa gazeti, itoke kesho

Waheshimiwa,

Kisima cha zamani kimezibwa tangu kitako hadi mdomoni. Kilistahili kuzibwa. Kilikuwa kinapeleka uchafu wa uwanja wa kiwanda kwenye maji ya mtaa, na mwandishi mmoja wa barua hii alipigana kukibakiza bila kujua hilo, na mwingine alilijua na hakulisema. Tumekwisha kuambiana wenyewe. Sasa ni zamu yenu.

Mabomba ya zahanati yamefungwa. Watu wanauliza kama wayafungue. Mimi mhandisi wenu nasema hivi: sijui; kupima maji ya bombani kutatuambia ya leo tu, na bila kisima cha kutazamia hakuna mtaalamu atakayejua yanayokuja. Nilisaini mlipokikata, leo naiondoa saini yangu.

Mlisema fedha haipo. Kinachogharimu sana ni kuuleta mtambo, na mtambo umekwisha kuletwa, uko hapa, na watu wake wako hapa. Utaondoka Ijumaa. Ukiondoka, mtahitaji kuulipia safari nyingine, au mtahitaji kutuambia kwa majina yenu kwamba tunywe tu.

Hatuhitaji mje kutupa pole wala mtuundie kamati. Karatasi ya kibali cha kisima kipya ina nafasi tano za saini. Isainini kabla ya Ijumaa, mhandisi aanze kuchimba.

Mwalimu wa mtaa wa kiwanda cha ngozi

Mhandisi wa visima, idara yenu